Ubuyu Nyuma ya Glavu

Wananiuliza mpaka leo, msibani, harusini, hata kwenye foleni ya kuchukua pilau: "Hivi wewe ulikuwa unafanya kazi gani hasa?" Nami hujibu vilevile bila kupepesa macho. Nilikuwa shotstopu. Wa kulipwa, miaka kumi na mmoja. Halafu nikawa meneja, na umeneja huo ndio ninao mpaka sasa. Anayetaka kucheka acheke, nimeshachekwa na watu wenye meno mengi kuliko yeye.

Besiboli ni mchezo wa rungu na mpira mdogo mgumu. Mpigaji akishapiga anakimbia kuzunguka pembe nne, kila pembe inaitwa beisi, na akizimaliza zote timu yake inapata pointi moja. Shotstopu husimama kati ya beisi ya pili na ya tatu, pale mipira mingi inapopita kwa kasi ya kuvunja meno. Kiswahili hakijamtafutia jina, na mimi sikuwa na muda wa kungoja. Ila kuna jambo watu wasiocheza hawalijui: shotstopu ndiye msemaji wa uwanja. Ndiye anayewapanga wenzake na kuamua nani aende wapi. Ukimwona kasimama kimya, kaziba mdomo kwa glavu, usidhani anapiga miayo. Anaongea.

Nalisema hili mapema kwa sababu kisa changu chote kimo humo, katika kuongea. Waliwahi kuniandika gazetini kwamba mimi sijui kuongea. Maneno yale yaliniuma mimi, lakini mimi ni mtu mzima, nina ngozi ngumu. Kilichonitia hasira, na bado kinanitia, ni kwamba yaliingia nyumbani kwa mama yangu yakamfunga mdomo.

Tulifika Toronto kutoka Tanga nikiwa na miaka tisa, mama na mimi. Tukapanga Kingsview Village, kwenye yale maghorofa ya Dixon Road, ndege zikipita juu ya paa mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Mama alisafisha vyumba vya hoteli karibu na uwanja wa ndege. Muhula wangu wa kwanza mwalimu alimwita shuleni. Mwalimu huyo alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na mimi, kwa Kiingereza changu kidogo, ndiye niliyekuwa mkalimani. Alisema: nyumbani acheni lugha yenu, mwongeeni Kiingereza tu, la sivyo mtoto huyu hatajua kusema sawasawa maisha yake yote.

Nikamtafsiria mama. Akaniangalia.

"Kasema hivyo hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Mwambie thubutu."

Sikujua thubutu inasemwaje kwa Kiingereza. Nikamwambia mwalimu kwamba mama anashukuru sana.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ikawa na sheria. Watoto wenzangu wa ghorofa lile walikuwa wanasemeshwa Kiswahili, wao wanajibu Kiingereza, na wazazi wao wamezoea. Mimi nikijibu Kiingereza mama alikuwa hanisikii. Hakasiriki, hapigi, hanisikii tu, kama vile chumbani hakuna mtu. Jioni moja nilishinda njaa mbele ya sufuria ya wali wa nazi mpaka nilipoomba chakula kwa lugha yake. "Kichwa si kibaba," aliniambia huku akipakua. "Kitabeba zote mbili, na nafasi itabaki."

Kweli kilibeba. Kiingereza nilikijua kuliko watoto waliozaliwa huko, na Kiswahili nikabaki nacho kizima. Besiboli ilinipata nikiwa na miaka kumi na mbili, kwenye kiwanja cha nyuma ya shule. Mwalimu wa michezo aliniweka shotstopu kwa sababu moja tu: nilikuwa mpiga kelele. Nilipenda papo hapo. Nilipoleta jezi nyumbani kufuliwa, mama aliinua ile suruali ya kubana kwa vidole viwili, akaitazama mbele na nyuma.

"Na hii ndiyo suruali, au wamekupa ya mdogo wako?"

"Sina mdogo, mama."

"Basi ndiyo maana imebaki."

Nikiwa na miaka kumi na tisa nilisaini mkataba. Nilicheza katika miji mitano ya Marekani, miji midogo ya mabasi na migahawa ya barabarani, ambayo hata leo naitofautisha kwa ubora wa mayai yao tu. Sikufika ligi kubwa. Naandika hivyo mwenyewe kabla hujaniuliza. Kuna watu maelfu wasiofika, na kila mmoja wao angekudaka mpira ambao wewe ungeukimbia. Misimu mitatu ya mwisho, katikati ya miaka ya elfu mbili, nilirudi Toronto kuchezea timu ndogo ya kulipwa ya hapo hapo mjini. Nilikuwa na miaka thelathini, magoti yanalia, lakini mdomo wangu ulikuwa mzima na timu ile niliiendesha kwa mdomo.

Mama hakuwahi kuja uwanjani. Jumamosi na Jumapili ndizo siku hoteli zinapofurika, na mama hakuwa mtu wa kuomba ruhusa. Yeye mchango wake ulikuwa ubuyu. Chini ya maghorofa yetu palikuwa na duka la mzee mmoja Mwismaili, mzaliwa wa Upanga, Dar es Salaam, aliyekuja Toronto tangu miaka ya sabini. Aliuza mchele, iliki, unga wa muhogo, na ubuyu mwekundu uliopikwa kwa sukari na pilipili. Kila Ijumaa mama aliniwekea kifuko kimoja mezani. Wachezaji wa besiboli kwa kawaida hutafuna mbegu za alizeti mchezo mzima na kutema maganda, ndiyo desturi yao, uwanja mzima unatema. Mimi nilitafuna ubuyu. Nilimumunya ule utamu, kisha nikatema kokwa. Mwanzoni wenzangu walidhani natema damu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Mtu wa timu pinzani akiwa amesimama beisi ya kwanza, anaweza kuiba, yaani kuchomoka kwenda beisi ya pili wakati mpira unarushwa. Lazima mmoja wetu akimbilie pale kumkata: ama mimi, ama mwenzangu wa beisi ya pili. Mmoja tu. Tukienda wote wawili tunaacha uwazi mkubwa nyuma yetu. Kwa hiyo kabla ya kila mpira shotstopu anaziba mdomo kwa glavu, wapinzani wasione, na kumwonyesha mwenzake. Mdomo uliofungwa: naenda mimi. Mdomo wazi: nenda wewe. Hakuna sauti. Hakuna lugha yoyote, si Kiingereza, si Kichina. Ni mdomo tu.

Ilikuwa mechi ya kuingia fainali. Raundi ya mwisho, tumefungana, wao wana mtu beisi ya kwanza na mwingine beisi ya tatu. Tulihitaji kumtoa mtu mmoja tu twende raundi ya nyongeza. Niliinua glavu, nikamwangalia mwenzangu, nikafunga mdomo: naenda mimi. Akaitikia kwa kichwa. Halafu nikasikia kokwa ya ubuyu niliokuwa namumunya imekaa vibaya kwenye jino, na mimi sikutaka kukimbia na kokwa kinywani nisije nikapaliwa. Nyuma ya glavu ile ile, nikafungua mdomo nikaitema.

Akaniona mdomo wazi.

Mtu wa beisi ya kwanza akachomoka. Nikakimbia mimi, akakimbia na yeye, tukakutana juu ya beisi ya pili tukitazamana macho kwa macho, na mpigaji akapiga mpira dhaifu, mpira wa kitoto, uliobingirika polepole pale pale mwenzangu alipokuwa amesimama sekunde mbili kabla. Mtu wa beisi ya tatu aliingia beisi ya nyumbani, ile ya mwisho, akitembea. Tukawa tumetolewa.

Tuliingia chumba cha kubadilishia nguo. Meneja wetu, mzee mmoja mwenye shingo nene, aliniuliza kulitokea nini. Nikasema tulipishana ishara. Akaniuliza ishara gani. Na mimi, msemaji wa uwanja, mpiga kelele wa Dixon Road, nikanyamaza. Kusema kweli niliona haya. Nitasemaje mbele ya wanaume ishirini waliolia kwamba tumekosa fainali kwa sababu ya peremende? Nikainamisha kichwa. Yeye akatoka nje akamwambia mwandishi wa gazeti la mtaa, kijana mwenye miwani, kwamba lilikuwa tatizo la lugha.

Tatizo la lugha! Nilisoma asubuhi yake, damu ikanipanda. Nilimfuata meneja ofisini nikamwambia kwa Kiingereza safi kuliko chake: lugha gani? Mdomo ulikuwa umefungwa! Akajibu kwa upole, upole ule ule wa mwalimu wangu, kwamba si kosa langu, ni vigumu kwa watu waliotoka mbali, na kwamba msimu ujao hawatanihitaji. Kama kuna kitu ninachokichukia duniani ni mtu anayekufukuza huku anakuonea huruma.

Lakini kibaya zaidi kilikuwa nyumbani. Mama alikuwa hasomi gazeti la Kiingereza. Aliyemsomea ni yule mzee wa duka, kwa nia njema, maana lilikuwa na picha yangu na alidhani nimesifiwa. Akaanza kusoma kwa sauti mbele ya wateja, na alipofika pale hakuweza kurudi nyuma.

Nilipoingia mama alikuwa amekaa jikoni, mikono juu ya meza.

"You eat?" aliniuliza.

Nilidhani ananitania. Nikamjibu, "Bado, mama, kuna nini?" Akatazama ukuta. Nikamwita tena, "Mama." Hakunisikia. Hanisikii, kama vile chumbani hakuna mtu. Nikaielewa ile sheria, ila sasa ilikuwa imegeuzwa. Nikasema kwa Kiingereza kwamba sijala. Ndipo akainuka kupakua.

"Teacher right," alisema akiwa amenipa mgongo. "Me, wrong."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke aliyemwambia mwalimu thubutu, sasa akawa anajikongoja na Kiingereza cha vyumba vya hoteli, maneno mia mbili ya shuka na taulo, akilitafuta kila neno kama mtu anayetafuta swichi gizani. Na majirani aliendelea kuongea nao Kiswahili, na mzee wa duka pia. Mimi tu. Aliona kaniharibu mimi, kwa hiyo wa kutengenezwa ni mimi. Nilimwambia si kweli, mama, mimi lugha sina shida nayo. Basi ilikuwa nini? aliniuliza. Na hapo nikakwama. Nikisema ubuyu, nitakuwa nimemwambia kwamba kifuko chake cha Ijumaa ndicho kilichonifukuzisha kazi. Sikuweza. Niliona afadhali alaumu Kiswahili kuliko ajilaumu yeye. Upumbavu mtupu, maana alikuwa akijilaumu yeye tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa naliona kila nikila kwake.

Nilipakia mizigo uwanja wa ndege miaka mitatu. Baadaye nikarudi kwenye besiboli kwa mlango wa nyuma: nikasimama kama kocha wa beisi ya kwanza kwenye timu nyingine ya mjini, kazi ya kumpiga mtu begani na kumwambia akimbie au abaki. Kila umeneja ulipokuwa wazi niliomba. Kila mara niliambiwa najua mchezo sana, ila meneja ni mtu wa mawasiliano. Mawasiliano! Walikuwa wamelisafisha tu lile neno la zamani na kulivalisha tai. Nami nikaapa kwamba siku moja nitakaa kwenye kile kiti, nivae jezi kama mameneja wote wa besiboli wanavyovaa, na tumbo langu hili, niongee mimi mbele ya waandishi, na mama asomewe gazeti lingine. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka. Kombe wangebaki nalo.

Mwanya ulipatikana miaka minane baada ya ile kokwa. Meneja wetu aliugua katikati ya msimu, na mwenye timu akanikabidhi mimi. Kaimu meneja. Aliniita pembeni akaniambia nishughulike na mchezo, waandishi na waamuzi aachiwe msaidizi wangu. Nikamwambia mtu anayebeba kosa ndiye anayebeba na maneno. Akanikazia macho, nami nikamkazia. Mechi ya kwanza nilipeleka mwenyewe kwa mwamuzi ile karatasi ya majina ya wachezaji, nikiwa nimevaa ile suruali.

Tulishinda mechi nyingi kuliko tulizopoteza. Mwenye timu akaanza kuniambia kwamba tukifika mwisho wa msimu salama, lile neno kaimu litaondoka. Shotstopu wangu alikuwa kijana wa Jamhuri ya Dominika, wanakoongea Kihispania, mikono yake laini, Kiingereza chake cha kuokotea. Mwenzake wa beisi ya pili alikuwa mzaliwa wa Toronto. Walielewana kama mapacha, kwa nyusi na mabega.

Mechi ya mwisho ilifika, na safari hii ukumbi mzima wa kumbukumbu zangu ulikuwa umekaa kichwani. Raundi ya nane tulikuwa mbele kwa pointi moja. Upepo ulikuwa umegeuka. Nikamwita yule wa beisi ya pili kwenye benchi, nikamwambia: mpira wowote ukipanda juu nyuma yako, ni wako wewe, upepo utauleta kwako. Kwa kawaida mpira wa aina hiyo ni wa shotstopu. Nilikuwa nabadilisha desturi, kwa hiyo nilipaswa kuwaambia wote wawili. Lakini shotstopu wakati ule alikuwa nje amesimama beisi ya tatu, ni zamu yetu ya kupiga, na ilipokwisha alirushiwa glavu yake akaenda moja kwa moja kwenye nafasi yake. Nikamsahau. Nilimwambia mmoja, wa pili nikamsahau.

Mpira ukapanda juu. Ulipanda nyuma ya beisi ya pili kana kwamba niliuagiza. Wakakimbia wote wawili, kila mmoja akijua ni wake, wakaonana dakika ya mwisho, wakasimama ili wasigongane, na mpira ukaanguka katikati yao. Waliingia watu wawili, nasi raundi ya mwisho hatukupata kitu. Tukapoteza.

Mwenye timu alinikuta kwenye ujia wa kwenda vyumbani. Alinishika bega.

"Waandishi wako nje," alisema. "Wewe sema tu lilikuwa tatizo la lugha kati ya wale vijana. Ni jambo la kawaida, halimuumizi mtu. Mwaka ujao tutatafuta shotstopu mwingine, na Jumatatu tunaliondoa lile neno kaimu."

Nakwambia kweli, nilisimama pale kidogo. Sitajifanya malaika. Miaka minane nilikitaka kile kiti, na sasa nilikuwa naambiwa nikikalie, bei yake ni maneno matatu. Nikamwona yule kijana wa Dominika kupitia mlango ulio wazi. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kichwa kimeinama. Nilikijua kile kichwa. Nikajiuliza ana mama wapi, na nani atamsomea gazeti.

"Thubutu," nikasema.

"Unamaanisha nini?"

"Nasema mama yangu anashukuru."

Nikatoka nje. Na mwandishi alikuwa yule yule, miwani ile ile, ila mvi zimeanza kumwingia. Akaniuliza, bila ubaya wowote, kama pale katikati lilikuwepo tatizo la lugha.

"Hapana," nikamwambia. "Tatizo lilikuwa mimi. Nilibadilisha mpango nikamwambia mmoja, mwingine nikamsahau. Wale vijana wawili hawana kosa hata chembe. Andika hivyo. Na ukishamaliza andika na hili, maana mara ya kwanza uliliandika vibaya."

Nikamsimulia kokwa. Nilisimama pale na suruali ya kubana, mwanaume wa karibu miaka arobaini, nikamweleza ubuyu ni nini, unamumunywa vipi, na kwa nini mdomo wangu ulifunguka. Wenzake walicheka. Mmoja aliomba nimtajie tena jina la ile peremende. Nikaitaja herufi kwa herufi. Sijawahi kujisikia mwepesi namna ile.

Jumatatu mwenye timu aliniita, na hakuliondoa lile neno kaimu. Aliniondoa mimi. Alisema amesikitishwa na mawasiliano yangu. Nikamwambia safari hii umenielewa vizuri kabisa, nikakusanya glavu yangu na viatu vyangu nikaenda Dixon Road nikiwa sina kazi.

Mzee wa duka alikuwa amesimama mlangoni kwake. Aliponiona akavua miwani.

"Nimeshamsomea mama yako," alisema. "Mara mbili, bwana. Mara ya pili aliniomba mwenyewe."

"Kasema nini?"

"Kanunua ubuyu akapanda juu."

Nilipanda ngazi, lifti sikuitaka. Nimekabiliana na mipira iliyovunja watu taya, lakini mlango ule niliuogopa. Mama alikuwa jikoni, mikono juu ya meza, kifuko mbele yake.

"Kaa," akasema.

Kaa. Miaka minane sikuwa nimelisikia hata hilo neno dogo likitoka kwake kuja kwangu. Nikakaa.

"Ni kweli aliyonisomea yule mzee? Kokwa?"

"Ni kweli, mama."

"Kokwa ya ubuyu wangu mimi."

"Ndiyo. Niliogopa utajilaumu, ndiyo maana..."

"Nani kakwambia mimi yai?" Akasimama. "Nani kakwambia nitavunjika? Ewe mtoto! Miaka minane! Miaka minane nang'ata ulimi ndani ya nyumba yangu, najikokota na Kiingereza hata kuomba chumvi, taya zinaniuma, nalala namwona yule mwalimu ananicheka! Nasema nimemwua mwanangu kwa ukaidi wangu, nimempeleka duniani hajui kusema! Kumbe mwenzangu ulikuwa unatafuna!"

Alinisema. Ya Rabi, alinisema! Yote aliyokuwa ameyaweka yalitoka: ndevu zangu, koti lile la baridi nililolitupa, yule mwanamke niliyemwacha mwaka ule ambaye yeye alimpenda na hakuwa na Kiingereza cha kuniambia, simu nisizopiga. Kila kitu kwa Kiswahili cha Tanga, kinaruka na kutua, bila kutafuta hata neno moja. Niliinamisha kichwa ili asinione ninavyolia na kucheka kwa pamoja, na akaniona, akanisema kwa hilo pia.

Alipochoka akakaa. Akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Na kazi?"

"Wamenifukuza asubuhi hii. Walitaka nimsingizie yule kijana lugha."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia thubutu."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

Hakutabasamu, mama yangu si mtu wa kutabasamu ovyo. Aliufungua tu ule mfuko, akausukuma mpaka upande wangu wa meza. Nikatia ubuyu kinywani. Ulikuwa na pilipili kali kuliko zamani. Nikainua kichwa nianze kumweleza yote tangu mwanzo, ile raundi ya mwisho, ile glavu, yule mwandishi, kwamba timu zingine zipo na umeneja nitaupata tu.

"Tema kwanza," akasema. "Ndipo useme."